Oili Niliyoimwaga

Oili chafu ya gari ikiguswa na chuma chekundu hutoa moshi mzito unaonuka gereji na maandazi yaliyoungua, na mama yangu aliuchukia kuliko dhambi. Kipupwe kimoja, nikiwa darasa la nne, moshi huo ulitanda kwenye migomba yetu ya Tengeru kwa sababu baba yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameamua kujifunza uhunzi. Babu, aliyeishi juu yetu kidogo kuelekea mlimani, alikuwa mhunzi wa kweli, na katika ukoo wetu nyundo ya mhunzi haikununuliwa dukani. Ilitoka mkononi mwa baba kwenda kwa mwana. Babu alikataa kuitoa. "Chuma si daftari, Mwalimu," alisema. Tangu Baba aende chuo, Babu hakuwahi kumwita kwa jina tena. Mwishowe alilegea kidogo: Baba afue panga moja mbele yake, likitoka zima, nyundo ni yake.

Basi kila Jumamosi tulishuka mjini kuchagua vifaa, mimi nikibeba kikapu kana kwamba tunafuata nyanya. Kwenye uwanja wa vyuma chakavu karibu na mto Themi, Baba alitafuta kipande cha reli cha kufanya fuawe, cha kufulia chuma juu yake. Alidondosha gololi juu ya kila kipande: ikiruka, chuma ni kigumu, ikilala, tunaendelea. "Mwalimu, unanunua chuma au unachagua tikiti?" aliuliza Singasinga mwenye uwanja. "Tikiti bovu utalitupa," Baba akajibu, "reli mbovu nitalala nayo." Alinifundisha kwamba koleo zuri ni lile ambalo mdomo wake unatosha unene wa chuma chako, na kwamba nyundo nyepesi unayoimudu ni bora kuliko nzito ya kujionyesha nayo. Ushauri huo nimeupuuza kwa bidii maishani, hasa katika ndoa. Kwa panga alichagua springi ya lori. Jambo moja hakunieleza, maana hakudhani lingenihusu: chuma cha springi hupozwa kwenye oili, na ukikitia kwenye maji ya baridi hupasuka.

Siku Babu alipokuja, Mama aliamuru uwanja wote ufagiliwe. Nikaliona debe la oili nyeusi karibu na tanuri, nikaona aibu. Kwa Babu nilishaona majembe yakipozwa kwenye maji. Nikaimwaga oili nyuma ya choo, nikalisugua debe kwa majivu, nikalijaza maji ya mfereji unaotoka Mlima Meru, yenye baridi ya kuuma meno. Nilitaka Baba aonekane mtu safi. Alifua vizuri siku hiyo. Hata Babu aliacha kuguna. Kisha Baba akageuka na panga jekundu, macho yote yakiwa kwenye rangi yake, akalizamisha. Badala ya moshi ulipanda mvuke, na ndani ya debe kikalia kitu kidogo, kama kikombe kinachopasuka. Baba aliyatazama maji. Akanitazama mimi na fagio langu.

"Nani katia maji?" Babu aliuliza.

"Mimi, Baba. Nimekosea," Baba akamjibu.

"Chuo chote kile, hujui oili na maji?" Babu akachukua nyundo yake, akapanda kwenda kwake.

Babu aliishi miaka miwili zaidi. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimpelekea maziwa. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwalimu mdogo." Sentensi moja tu ingetosha kumrudishia Baba nyundo. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa kuulizwa kwa nini nimechelewa. Babu akafa, nyundo ikaenda kwa baba mdogo, naye akaiuza kwa kilo pamoja na mabati ya zamani. Baba hakuwasha tanuri tena, wala hakunitajia siku ile.

Leo naishi Kisongo. Nyuma ya nyumba nina karakana, fuawe halisi la kuagizwa, feni ya umeme ya kuchochea makaa, na makoleo sita ambayo matatu sijui kazi yake. Baba tulimzika mwaka jana, baada ya Mama. Nilisoma wasifu wake, watu wakanisifia Kiswahili, na sentensi ile haikuwamo. Mwezi uliopita nilifua panga la springi, nikalipoza kwenye oili, likatoka zima. Nikalifuta, nikalifunga kwenye kanga, nikawasha gari. Nilikuwa nimeshaupita mji, nashika njia ya Tengeru, ndipo nikakumbuka kwamba huko hakuna tena wa kunifungulia geti.