Mama na Ekari Nane za Kibirichia

Sijui watu wengine waliolipima shamba kabla ya kulinunua kama tulivyolipima sisi. Karibu mwaka mzima mimi na mke wangu tulilijadili mezani, katika nyumba za walimu kule Embu, mpaka chakula kinapoa na watoto wanaomba ruhusa waende kulala. Nilikuwa nafundisha jiografia, kwa hiyo nilijiona bingwa wa mvua na udongo. Mke wangu, ambaye ni nesi na Mmeru wa upande wa Nkubu, alikuwa bingwa wa kuniuliza maswali nisiyotaka kuulizwa.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari nane huko Kibirichia, juu ya mji wa Meru, mahali ambapo mlima unauona asubuhi kabla haujajifunika mawingu. Lilikuwa la mzee mmoja aliyetaka kuhamia kwa mwanawe. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, unaoingia hata chini ya kucha za mtu aliyekuja kutazama tu. Mimi nilikuwa na kiu ya ardhi. Baba yetu alipogawa shamba lake kabla ya kufa, sehemu yangu ilikuwa kipande chembamba cha mteremko chenye kahawa, ambacho ukijikwaa juu yake unaangukia kwa kaka yangu.

"Viazi vya huko vinabebwa na malori mpaka Nairobi," nilimwambia mke wangu.

"Na baridi?"

"Baridi si mtu."

"Hiyo baridi inachoma viazi usiku mmoja, mwalimu. Unaamka unapata majani ni meusi, kama yamemwagiwa maji moto."

"Si kila mwaka."

"Na ndovu wakitoka msituni?"

"Tutaweka fensi."

"Fensi! Ndovu anaona hiyo fensi yako kama uzi wa kushonea."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, leo uzuri wake, kesho ubaya wake. Tulilitazama wakati wa kiangazi, tukalitazama wakati wa mvua gari lilipokwama na tukalisukuma. Tulionja maji ya kijito. Tuliuliza kama hati ilikuwa safi, kama wana wote wa mzee walikubali kuuza, kama barabara ingewekwa lami, jambo ambalo kila mtu aliapa lingekuwa mwaka uliofuata. Nilijisifu kwamba mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia.

Mwishowe yule mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza swali tulilolisahau. Tulikuwa tumeketi kwake tunakunywa chai, akasema, "Mwalimu, mambo yote umeuliza. Lakini shamba bila moshi, watu watakukulia. Hawa wataleta kondoo, wale watakata miti, mwingine atasogeza mpaka. Nani atakaa hapa?"

Sisi hatukuweza kuacha kazi. Kibarua tulimpima pia, tukaona kibarua akiachwa peke yake na ekari nane atauza viazi, magunia na labda mlango. Tukiwa njiani kurudi Embu, nikasema, "Na mama je?"

Mke wangu aliendelea kutazama barabara mpaka tukafika Chuka. Kisha akasema, "Muulize yeye mwenyewe."

Mama alikuwa mjane, anaishi kwa kaka yangu mkubwa, katika nyumba aliyojengewa na baba. Mimi alikuwa akiniita "baba," kwa sababu mwana wa pili kwetu hupewa jina la baba wa mama. Maisha yake yote alilima pale alipoonyeshwa: kwanza na babake, halafu na mumewe, kisha na mwanawe.

"Ekari nane?" aliniuliza. "Za nani?"

"Zako, mama. Utapanda mpaka useme basi."

Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama msichana. Alikubali upesi kuliko tulivyotarajia, na mimi nikaichukua furaha yake kuwa ushahidi kwamba nilipima sawasawa. Tulinunua. Tukamjengea nyumba ya mbao ya vyumba viwili na jiko pembeni, na katika nyumba yake ya Embu akaingia mwana wa kaka yangu aliyekuwa ameoa juzi.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, sitasema uongo. Viazi vilitoka vikubwa kama ngumi ya mwanamume, na mama alitutumia kabeji ambazo mtoto hawezi kuzibeba. Nduma tu, yaani magimbi, ndizo zilizomkataa. Alizitoa kando ya mto wetu Embu akazipanda karibu na kijito, zikachomoza, zikaionja ile baridi, zikarudi chini. Alizipanda tena na tena. Nilimwambia aache, nitakuwa nikimletea za sokoni, akasema za sokoni hazina mwenyewe.

Nilikuwa nikienda kila mwisho wa mwezi. Jirani wa karibu alikuwa shamba kubwa la ngano, na shamba la ngano halina mtu wa kusalimia. Dereva wa trekta huja, hulima, huenda. Kanisani mama alikwenda kila Jumapili, lakini Kiembu na Kimeru ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Mahubiri aliyaelewa. Mzaha wa mhubiri ulimpita, akawa anacheka baada ya wengine. Aliniambia hilo yeye mwenyewe, na mimi nikacheka, nikaona ni kisa kizuri cha kumsimulia mke wangu.

Nikifika, alinipa uji wa wimbi, akauliza habari za nyumbani. Kaka yangu alimmaliza kwa neno moja, wajukuu kwa mawili. Kisha alikaa vizuri kwenye kigoda na kuuliza, "Na yule?"

Yule alikuwa mama mdogo, mke wa ndugu mdogo wa baba, ambaye shamba lake linapakana na la kwetu. Mama na yeye waligombana tangu mimi nikiwa mgongoni. Kulikuwa na mgomba mpakani ambao shina lake lilikuwa kwetu na mikungu yake ikainamia kwake, na kila mkungu ulipokomaa, kijiji kizima kilijua. Walitukanana asubuhi wakienda mtoni na kutukanana jioni wakirudi kahawani. Sikumbuki siku waliyokosa.

"Ule mgomba ameukata?"

"Bado, mama."

"Hawezi kuukata. Anangoja nife ndio aseme ulikuwa wake. Mguu wake je, ule unaovimba?"

"Bado unavimba."

"Mwambie aache chumvi. Usimwambie ni mimi nimesema."

Nilimwambia mke wangu kwamba ekari nane hazikutosha kumsahaulisha mama chuki yake. Aliweka kijiko chini. "Hiyo si chuki," alisema. "Anamkumbuka. Tumrudishe mama nyumbani."

Nilimwona kama anazungumza Kichina. Nikampa sababu zangu, maana sababu sijawahi kukosa: nyumba yake ina bibi harusi ndani, kaka atasema tunamchezea, na tena viazi viko ardhini, tungoje vitoke. Kibirichia viazi viko ardhini siku zote. Hivi vikitoka, vile vimeshaota.

Kisha kuna ile siku ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa barabarani nasimama kidogo. Nilikuwa natembea kutoka barabarani kwenda kwake, nikasikia sauti za wanawake wawili wakigombana, kali, kwa Kiembu safi. Nilifurahi. Nilidhani amepata mgeni kutoka nyumbani, nikakaza mwendo. Nilipokata kona ya ua nikamwona mama peke yake katikati ya viazi, jembe mkononi. Alitukana kwa sauti yake, akageuka upande wa pili, akajijibu kwa sauti ya mama mdogo, nyembamba, ya puani, kama yenyewe kabisa. Na mama mdogo ndiye aliyekuwa akishinda. Mama alikuwa amempa majibu yote mazuri.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilimtoa mama kwa zimwi lake, nikamweka mahali ambapo hapakuwa na wa kumla wala wa kumjua. Nilirudi nyuma hatua chache, nikakohoa kwa nguvu, nikamwita kama mtu anayefika sasa hivi. Alinipokea, tukanywa uji. Aliuliza, "Na yule?" Nikashindwa kumtazama.

Nilifika Embu nimeamua. Nilimwambia mke wangu tuuze. Hakuniambia "nilikwambia," ingawa alikuwa na haki. Kaka yangu alikubali tumjengee mama nyumba nyingine chini ya kahawa, karibu na ule mgomba. Nilitafuta mnunuzi, nikampata mfanyabiashara wa Makutano. Ilibaki kuvuna tu. Nikasema, tuvune kwanza, mama asiache jasho lake kwa mtu mwingine. Hata wakati huo nilikuwa bado napima.

Mvua ilikuwa kubwa msimu huo na mavuno yakachelewa. Viazi vikiwa bado ardhini, mama mdogo aliamka akafagia uwanja, akaketi kupumzika, hakuinuka. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia, na barabara ya Kibirichia ilikuwa matope matupu. Kaka aliniuliza kama nitakwenda kumchukua mama aje mazishini. Nikasema hapana, tusimsumbue. Na kwa kweli moyoni niliona aibu kidogo, nikifikiri atakuja kumcheka marehemu mbele za watu. Tulimzika bila yeye.

Nilipopanda kwenda kwake baadaye nilikuwa na habari mbili, nikaanza na ile niliyoiona nzuri. Nilimwambia kwamba shamba limepata mtu, nyumba yake inajengwa, tukimaliza kuvuna anarudi. Uso wake ulifunguka, akaanza kuuliza mlango wa nyumba utatazama wapi. Alitaka utazame mpakani, amwone kila mtu atakayegusa ndizi zake. Hapo ikabidi nimwambie.

Hakulia kwa sauti. Aliketi pale chini palipokuwa na ubaridi, miguu ameinyosha, akauliza alizikwa upande gani wa shamba, na nani aliyemwosha, na kama kuna mtu aliyesema lolote juu ya mgomba. Nikamjibu yote. Aliuliza kwa nini hakuitwa. Nikasema barabara ilikuwa mbaya, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji pungufu na hana nguvu ya kudai.

"Haya, mama," nikasema, "tutakwenda nyumbani sasa."

"Kwa nani?"

Nikaanza kumtajia. Nilimtaja kaka na mkewe, wajukuu mmoja mmoja, akina mama wa kanisa, mimi mwenyewe nisiyekaa mbali. Aliniacha nikamaliza, kwa subira, kama nilivyokuwa nikiwaacha wanafunzi wangu wamalize jibu ambalo si sahihi.

"Hao ni watu wako, baba," alisema. "Wangu alikuwa yule."

Tulivuna wiki iliyofuata, na viazi vilikuwa vizuri kuliko vya miaka yote.