Kasete ya Upande wa Wanawake

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kumzika mama, nilimsikia akinigombeza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, mi niko macho kabisa. Sikuota. Wala sikupandisha mashetani, kama shangazi yangu alivyotaka kuamini.

Subirini niwaeleze vizuri.

Naitwa Ruqaya. Duka letu lilikuwa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura. Mbele vitambaa, nyuma chumba kidogo chenye televisheni, mashine mbili za video na kiti kimoja. Kiti kimoja tu, maana hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia mule.

Kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi na kufanya montaji, kukata na kuunga picha. Sasa, harusi za Waislamu wa mji wetu zina pande mbili. Upande wa wanawake bibi harusi anakaa kichwa wazi, wamama wanajifunua, wanacheza mpaka jasho linawatoka. Mwanaume haoni mambo yale. Asiyaone ukumbini, asiyaone kwenye kasete.

Na mafundi wa video wa mji mzima walikuwa wanaume. Kasete za wanawake nani atazikata na kuziunga?

Basi ndiyo mimi. Wengine waliona ni sifa. Mi nilikula chakula cha mchana peke yangu kwenye kile chumba miaka sita, sifa yenyewe ndiyo hiyo.

Mama yangu, Bi Moza, alifariki Julai 2003, ile wiki mabomu yalikuwa yanatoka milimani na kuangukia mjini. Bomu halikumgusa. Dawa zake za presha ziliisha, barabara zimefungwa, sisi tumelala chini sakafuni siku tatu. Siku ya nne hakuamka.

Nilibaki na picha yake moja, ya pasipoti. Amenuna, macho makavu, hata humjui ni nani.

Kamera alikuwa haipendi. Mi mwanawe nimepiga harusi za watu mia na kitu, yeye sina hata dakika moja. Halafu kuna kitu kikaanza kunitisha: nilikuwa namsahau sauti. Maneno yake nayakumbuka, lakini sauti yenyewe imeondoka. Kwa hilo nililia kuliko siku ya mazishi.

Ndipo nikakumbuka harusi ya mteja wangu Raihana, mwaka 2002. Mama alikuwepo, mkeka wa mbele kabisa. Na kasete ya mwanzo, ile kabla ya kukatwa, sikuwahi kurekodi kitu kingine juu yake.

Niliipekua stoo nzima. Nikaikuta chini ya majora ya vitambaa, paa limeivujia, ukungu mweupe umeota kwenye utepe.

Nikampelekea Chabani, fundi wa video wa Buyenzi.

"Dada Ruqaya, hii itapona. Niachie siku mbili."

"Utaiangalia?"

"Sasa nitajuaje kama imepona bila kuiangalia?"

Nikaichukua kasete, nikapanda mpaka mtaa wa Kinanira kwa Raihana kumwomba ruhusa. Akanishika mkono.

"Dada, mi niko mule kichwa wazi. Na dada yangu marehemu iko mule. Ulituambia hakuna mwanaume ataona. Ile ni amana. Apana, unisamehe."

Alikuwa na haki yake. Nikashuka na kasete yangu kwenye mkoba, na kusema kweli njia nzima nilikuwa namchukia.

Mtaa wa pili kutoka dukani kulikuwa na cyber. Nikakaa pale, nikatafuta kwa Kifaransa, nikaangukia jukwaa la watu wa montaji. Mafundi wa dunia nzima wanaulizana na kujibiana: sauti inasafishwaje, picha inaungwaje, kasete iliyokufa inafufuliwaje. Niliona majina ya wanaume matupu. Nikajiandikisha kwa jina la kaka yangu, Moosa.

Nikaandika: "Niko Bujumbura. Kasete ya VHS imeota ukungu. Ndani yuko mama yangu. Nisaidieni."

Siku mbili kimya. Ya tatu nikakuta jibu la Kiswahili katikati ya Kifaransa chote kile.

"Ndugu Moosa, usiitie mu mashine, itaikula. Naitwa Cirimwami, mi ni mutu wa Bukavu. Nilifanya montaji miaka makumi mbili. Sasa niko Ubelgiji, mi peke mu nyumba, nafasi niko nayo. Tutaenda polepole."

Tulienda polepole kweli, wiki tatu. Kwanza kasete ikae ndani ya debe la mchele mkavu. Halafu nifungue skrubu tano, nitoe magurudumu mawili ya utepe, niyatie kwenye ganda la kasete nzima. Nifute ukungu kwa kitambaa laini na spiriti, nikizungusha kwa mkono. Mwisho niicheze, na mashine ya pili iwe inarekodi.

"Icheze mara moja, Moosa. Ya pili sikupi ahadi."

Kila somo nilinakili kwenye karatasi za kufungia vitambaa. Nilianza kwenda cyber hata siku ambazo sina swali.

Siku ya kuicheza nilifunga mlango kwa ufunguo. Picha ikatoka, ina mistari, lakini inatoka. Raihana huyo, wamama hao, mkeka wa mbele huo.

Kila kamera ikimfikia mama, mtandio juu, uso ukutani. Mara nne. Niliambulia shavu na mkono wenye hina. Sauti zote zimefunikwa na muziki.

Halafu picha ikaanza kutikisika, ikaonyesha sakafu na mguu wa meza. Nikabonyeza stop. Mkono ulijibonyeza wenyewe, maana kinachotikisika kwenye montaji hutupwa. Hata 2002 kipande kile nilikiruka bila kukiangalia.

Nikaenda cyber. Nikaandika neno moja: "Hayumo."

Cirimwami alikuwa mtandaoni saa ileile.

"Moosa, mi nilipiga harusi mingi. Mutu wa kamera hapati kula, mpaka mama mumoja amuonee huruma. Siku ile ulikula?"

"Nilikula."

"Na wakati ulikuwa unakula, nani alishika kamera?"

Nikakumbuka ni nani aliyeniletea sahani.

Nikaandika: "Baba, mi si Moosa. Naitwa Ruqaya. Niliogopa."

"Najua, mutoto wangu. Mwanaume hasemi asante mara tatu mu barua moja. Rudia pale inatikisika."

Kesho yake saa nne asubuhi nikaiwasha tena, nikiomba Mungu utepe uvumilie. Sakafu. Mguu wa meza. Kisha picha ikainuka, na aliyekuwepo ni mimi. Gauni la kijani, sahani ya pilau magotini, mashavu yamejaa.

Na karibu kabisa na maikrofoni, juu ya muziki wote:

"Acha kunitazama. Kula. We Ruqaya, anza na nyama, si wali tu. Unapiga watu wote, we nani anakupiga?"

Mle ndani nikasema, mdomo umejaa, "Mama, utaharibu kamera."

"Iharibike. Kula."

Dakika kumi na moja. Uso wa mama haumo hata kidogo. Nimo mimi tu, mwanzo mpaka mwisho, na picha inatikisika kwa sababu mikono yake ilikuwa ya mgonjwa wa presha. Nilikuwa sijui kama kuna mtu amewahi kuniangalia muda mrefu namna ile.

Dakika ya kumi na mbili utepe ukakatika. Mashine ya pili ilikuwa imeshachukua nakala.

Nilimweleza Cirimwami yote. Akajibu: "Usikate kitu." Baada ya mwezi akaacha kuandika, na mi sikuwa na anwani yake nyingine. Lile jukwaa limeshafungwa siku nyingi. Uso wake siujui, ila karatasi zenye masomo yake ninazo mpaka leo.

Nyie mnaofanya montaji kwenye simu, masomo mnayo ya bure kila kona, na mnajua kufuta kila kinachotikisika. Kabla hujafuta, jiulize kwanza nani alikuwa ameshika kamera.

Mi bado nakula mchana peke yangu. Naiwasha ile nakala, naongeza sauti kidogo, naanza na nyama.