Ini la Dada Kibonge

Kwenye karakana ya makochi walimwita Kibonge, naye aliitika kwa kicheko. Kwa mshahara wa kushona vitambaa vya makochi alimlea mdogo wake wa mwisho tangu mama yao alipofariki. Ini la kijana huyo liliposhindwa kazi, Kibonge hakusubiri kuombwa.

"Nikateni kipande cha langu, mumpe," aliwaambia madaktari. "Mnaona wenyewe, hapa mwili upo."

Wakamchoma sindano, wakatoa kipande kidogo cha ini, wakakipima.

"Lina mafuta kupita kiasi," daktari akasema. "Yapunguze, urudi baada ya miezi miwili."

Basi. Mtu anajitolea kupasuliwa tumbo, anaagwa kwa sentensi moja mlangoni!

Kibonge akaacha kula. Hakupunguza, aliacha. Maji, tango, maji tena. Mkanda wa gauni ukawa unamzunguka mara mbili.

"Shoga, feni itakupeperusha," mwenzake wa cherehani ya jirani akamtania.

"Acha inipeperushe, mradi nitue hospitali."

Siku ya majibu ya kipimo cha pili alivaa gauni jipya. Daktari wa maabara, mama wa makamo, akamkalisha mbele ya hadubini.

"Tazama, mwanangu. Hayo mapovu meupe ndiyo mafuta."

Seli zilijaa matone. Mengine yalikuwa makubwa hata yamesukuma kiini cha seli pembeni.

"Lakini mama, mbona nimekonda!"

"Ndiyo sababu. Ulipoacha kula, mwili ulifungua akiba yake ya chini ya ngozi. Mafuta yakapita kwenye damu, yakafurika kwenye ini. Yakiachwa huru huiumiza seli, kwa hiyo seli huyafungasha. Tone linavimba katika utando ulio ndani ya seli, linachomoza, linavishwa ngozi nyembamba, linahifadhiwa. Ini lako limejitetea tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Kula vizuri, taratibu. Litajisafisha, ila kwa wiki nyingi."

Wiki hizo mdogo wake hakuwa nazo, na yeye na daktari walilijua hilo. Kwa nini maelezo haya hayakutolewa siku ile ya kwanza? Yangechukua dakika ngapi?

Wodini, kijana alikuwa ameegemea mito, macho yamegeuka manjano.

"Dada, wamekubali?"

"Wamekataa. Nimejinyima chakula mpaka nimeliharibu ini."

Kijana akavuta sahani yake ya wali ambayo hakuwa ameigusa, akachota. Punje zikamwagika kwenye shuka.

"Fungua mdomo."

"Kula wewe, mdogo wangu."

"Mimi hakipiti kitu. Fungua, Dada. Umenilisha miaka yote, leo unaniringia?"

Akafungua. Akatafuna polepole, machozi yakimwingia mdomoni pamoja na wali, na kabla hajameza kijana alikuwa ameshachota kijiko kingine.