Fundi Bahati na moteri ya gari nyekundu ya Muzee Nasoro

Tangu Ijumaa kichwa changu kinakataa. Eti Fundi Bahati hayupo? Mimi niliyefika Dubai mara nne na kula nyama ya ngamia, nimekaa mlangoni nalia kama mutoto aliyenyang'anywa muhogo.

Mnaniandikia pole kwenye comments. Murakoze, asanteni sana. Lakini wengi mlimjua Bahati wa uzee, yule wa kushika spana kwa mkono wa kushoto. Leo nawaambia habari ya mkono wa kulia.

Ilikuwa miaka ya vita. Rumonge saa sita mchana, milango imefungwa. Hata wauza mawese walipima mafuta bila kuongea.

Bahati alitoka Uvira na sanduku moja la spana. Tulimcheka kwa sababu hakutupa moteri hata iliyokufa. Wavuvi walimuomba vyuma vile wafanye nanga, akakataa. "Hata maiti iko na jina lake," alisema, akigusa namba iliyogongwa kwenye chuma.

Muzee Nasoro, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na gari ya mashindano. Nyekundu, milango miwili, imelala chini kama mamba. Mbelgiji mmoja alimwachia baba yake. Kampuni siitaji, wajuaji mtaanza kubishana hapa.

Moteri yake ilichemka bila maji ikapasuka, na Bahati akaweka nyingine ya gari ya kawaida. Mimi nilikuwepo. Nilibeba upande mzito, msidanganywe.

Na bado, siku moja kwenye kabare, bia mbili tumboni, nilisimama nikajigamba: "Ile gari ya muzee iko na moteri yake ya kuzaliwa! Orijino! Ulaya wangeipigia mizinga ya sherehe!" Sikuangalia nani amekaa nyuma yangu, akiniona mgongo tu.

Alikuwa mukubwa mmoja mwenye askari wake. Wa upande gani, msiniulize. Siku zile bunduki zilikuwa na sauti moja.

Kesho yake akaingia garaji ya Bahati na wanaume wanne. Katikati yao Muzee Nasoro, kofia mkononi.

"Fundi," mukubwa alisema polepole, "nasikia wewe huongopi. Kuna Muzungu kule Bujumbura anaitaka hii gari, lakini na moteri yake tu. Ikiwa ni yake, muzee na familia yake wanapita bariyeri zote mpaka Kabonga, karatasi naandika mwenyewe. Ikiwa si yake, basi kuna mutu amenichezea. Mimi sichezewi."

Kabonga maana yake Tanzania. Maana yake kuishi. Walikuwa watu sita, wa mwisho bado ananyonya.

Bahati alisafisha chuma kwa mafuta ya mazuti, akakipaka unga wa muhogo, kisha akaufuta. Unga ukabaki ndani ya namba tu, nyeupe pee. Mukubwa akainama, akalinganisha na karatasi ya gari, tarakimu moja moja, akitembeza kidole.

Hazikufanana hata mkia.

Nilisikia soksi zangu zinaloa. Jasho, jamani! Andikeni jasho.

"Si yake," Bahati alisema. "Ya kwake iko kwangu, chini ya magunia. Nipe siku mbili, bosi, nairudisha."

"Mbili. Muzee nakaa naye mimi."

Ile moteri ya zamani ilikuwa na ufa mrefu kama kidole. Bahati aliujaza sabuni ya mawese, akaisawazisha kwa kisu, akapaka masizi juu. Nikamuuliza, "Kaka, itafika Bujumbura?"

"Hapana. Ikipata moto, sabuni itayeyuka."

"Sasa?"

"Muzee anahitaji masaa matatu tu."

Siku ya pili mukubwa alipaka unga kwa mikono yake mwenyewe. Namba zikafanana. Akacheka, akampiga Bahati begani, akaandika karatasi. Muzee na familia yake wakapanda pikapu kuelekea kusini. Yeye akashika barabara ya kaskazini na gari yake nyekundu, watu wake nyuma na lori.

"Kimbia!" nilimwambia Bahati.

"Nikikimbia, atawapigia redio watu wa bariyeri kabla muzee hajavuka. Akinikuta hapa, atakuwa na kazi ya kunipiga kwanza."

Akakaa kwenye benchi, akaanza kuchambua nati, kubwa huku, ndogo kule. Mimi nilihesabu kila gari iliyopita barabarani. Halafu hazikupita tena.

Ilikufa mbele kidogo ya Minago. Tuliona lori likirudi, bila gari nyekundu.

"Yule mwenye mdomo wa kabare ni nani?" mukubwa aliuliza. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilikuwa nimesimama pale. Mimi! Bingwa wa maneno wa pwani yote mpaka Magara! Ulimi uligeuka jiwe.

"Maneno ya kabare ni ya walevi, bosi," Bahati alisema, akasimama mbele yangu. "Fundi ni mimi. Uliniuliza kama ni yake. Hukuuliza kama ni nzima."

Walimchukua. Siku kumi na moja.

Aliporudi, vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Nilimletea uji, nikashindwa kumtazama. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Hakuniuliza mpaka anakufa. Aliuliza kitu kimoja:

"Muzee alivuka?"

"Alivuka, kaka. Wote sita."

Akafungua mdomo, nikamlisha.

Watu wa Rumonge, miaka yote mmejiuliza mdomo wa kabare ulikuwa wa nani. Ulikuwa wangu. Nimechelewa kusema, na aliyestahili kusikia hasikii.

Ndugu yangu Bahati, usingizi wako uwe mwema. Hakuna lori litakalosimama mlangoni kwako tena.