Bernadina na Usemi Usiopungua

Lori la mbao lilikwama mara mbili kabla ya kumshusha mgeni kwenye njia panda ya Bashay. Hakuijua njia wala nyumba. Aliambiwa tu amuulizie mwalimu wa hesabu mwenye sola, na kila aliyemuuliza alimwonyesha kwa kidevu upande wa kilimani, kwenye matope zaidi.

Bernadina alimwona kupitia dirishani, moyo ukamshuka. Alimwalika mwenyewe walipokutana Babati, akasahau kwamba siku hiyo ya Aprili 2012 ndiyo ya mwisho. Kabla ya saa sita mchana alitakiwa kutuma fanksheni yake, kipande cha programu kubwa ya hesabu, kinachopokea usemi wa aljebra na kuurudisha ukiwa mwepesi zaidi. Watu wa kujitolea wanaoitengeneza programu hiyo, waliotawanyika nchi mbalimbali, walimpa sharti moja: ipite majaribio yote, la sivyo wataiondoa. Miezi minane ya kazi. Na jaribio la themanini na saba lilikuwa haliishi.

"Shikamoo mama," mgeni alimwambia Hilaria, mama yake Bernadina, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti. Huyu dada yako usimsemeshe sana, ana mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Hiyo mashine yake. Tangu juzi inahema."

Kweli ilihema. Ilikuwa laptop ya mtumba kutoka Arusha, na feni yake ilivuma kama inapanda mlima. Bernadina alieleza bila kuinua macho. Imepewa usemi x² + 3x. Kanuni moja inafunga mabano, unakuwa x(x + 3). Kanuni nyingine inafungua mabano, unarudi ulivyokuwa. Ameongeza kanuni mpaka zimefika arobaini na moja, na bado unazunguka humo humo.

"Inazunguka ikitafuta nini?" mgeni aliuliza.

"Jibu fupi. Nimeiambia isirudi mikono mitupu."

"Na kama halipo?" Hilaria alidakia.

"Lipo, mama. Swali likishasema rahisisha, lazima kuna..."

Alikumbuka mitihani yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitunga mitihani ya kidato cha pili, na kila mara alianza na jibu, kisha akalivalisha mabano na sehemu mpaka likavimba. Mwanafunzi aliyeishia njiani alimwandikia kwa wino mwekundu: endelea. Kumbe na kompyuta ameifundisha hivyo hivyo. Lakini x² + 3x hakuna aliyeivalisha kitu. Ilikuwa hivyo ilivyo.

"Kwa hiyo siku tatu unaitesa bure, maskini," Hilaria alisema, akimaanisha mashine.

Bernadina alicheka hadi akashika meza. Alifuta kanuni kumi na tisa, akaandika mistari michache tu: usemi ukirudia sura uliyokwisha kuwa nayo, simama, ukikosa sura iliyo fupi zaidi, rudisha ile ya mwanzo. Jaribio la themanini na saba likapita. La themanini na nane likapita, yakafuatana mpaka la mia mbili na kumi, feni ikatulia. Saa tano na dakika arobaini aliituma kwa modemu. Jibu lilikuja chai ikiwa bado ya moto: imepokelewa, itaingia kwenye toleo lijalo.

Aliweka mikono mapajani, mabega yameshuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

Pikipiki ikapiga honi nje. Ilikuwa ya Renatus, mwalimu mwenzake, amekuja kumchukua kwa kipindi cha mchana.

"Nasikia una mgeni," Renatus alisema. "Niwaambie kidato cha pili wamepona leo?"

"Hawajapona. Nina swali lisilo na jibu fupi."

"Watakuchukia."

"Waache wanichukie."

Alimwomba mgeni radhi, akamwambia asiondoke mpaka jioni, akapanda. Pikipiki ikateremka ikiyumba kwenye utelezi, ikapotelea nyuma ya migomba. Ndani, Hilaria alipakua chakula cha watu wawili, kisha akatenga sahani ya tatu na kuifunika.

"Tangu juzi hajala cha maana," alimwambia mgeni. "Leo atakula."