Maboga ya Mama na Kidole Changu

Nilipokuwa darasa la tatu, mama yangu hakupika chochote kabla ya kuinusa sufuria. Alikuwa na sababu. Mimi na mdogo wangu Nafula tulikuwa tumechemsha humo majani ya nyanya na sabuni ya unga, tukitafuta dawa ya viroboto vya kuku, na ukuta wa jikoni yetu pale Kibomet ulibaki na madoa ya kijani mpaka tulipohama. "Nyinyi watoto mtanimaliza," alikuwa akisema, kisha anatutupia kitambaa tupanguse.

Msimu huo mama alikuwa mjamzito, na Kukhu, mamake baba, akaja kutoka Chwele kumsaidia. Nilipomwonyesha maboga machanga nyuma ya nyumba, alinidaka mkono.

"Usinyoshee boga kidole! Litaoza. Onyesha na ngumi, hivi."

"Nani alijaribu, Kukhu?"

Mama alicheka. Kukhu hakucheka.

Basi tukajaribu. Maboga mengine tuliyaacha, na Nafula akayapaka rangi ya kucha ya mama ili tusiyachanganye. Yale mengine niliyanyoshea kidole kila nikitoka shule, na ili kidole kifike vizuri, nikawa nayabonyeza kwa ukucha.

Yaliyonyoshewa yakalegea, yakawa meusi, yakadondoka. Yenye rangi yakazidi kunenepa. Nafula akapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa maana nilikumbuka kwamba mama alipotuambia kuna mtoto, nilinyosha kidole kwenye tumbo lake nikauliza, "Yuko hapa?"

Mama alinikuta pale shambani. Akaona maboga yaliyooza, akaona rangi yake ya kucha. Hata kabla hajanigombeza nikaanza kulia.

"Mama, nilinyoshea mtoto kidole. Ataoza."

Kisha akaketi polepole kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakishika kidole changu, akakiweka tumboni.

"Ngoja," akasema.

Tulingoja sana. Kisha kitu kikanisukuma kutoka ndani, kwa nguvu, kama mtu anayetaka nafasi kitandani.

"Si umesikia? Huyo hajaoza. Anakugombeza." Akacheka, akajifuta macho kwa leso.

Wekesa alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, mnene, mwenye kelele.

Siku hizi najua ni ukucha wangu ulioyaozesha yale maboga. Lakini kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa mjamzito mimi mwenyewe, siku moja tukimenya viazi pamoja. Mama aliniambia kwamba kabla ya Wekesa alikuwa amepoteza mimba, na kwamba siku ile ya maboga mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi.

"Kwa hivyo uliogopa?"

"Sana. Hata maneno ya Kukhu nilikuwa nimeanza kuyaamini."

"Sasa mbona uliweka kidole changu hapo?"

Hakuinua macho kutoka kwenye viazi.

"Si ulikuwa unalia, mama? Ningefanya nini?"