Raundi ya Ishirini na Tano

Tarehe 11 Machi 1989, siku ya Jumamosi, tulimzika mwenzangu kwao Ukambani, nami nikapoteza mtu aliyekaa kushoto kwangu kwa miaka kumi na mitatu. Makaburini walizungumza wazee wa kanisa, ndugu zake na mwakilishi wa kampuni. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu na hakuna aliyeniita. Ningeitwa, ningesimulia alasiri moja tu. Naiandika hapa.

Tulikuwa majirani mtaa wa Ziwani, Nairobi, nyumba yake na yangu zikitazamana kwenye uwanja mmoja wenye mfereji wa maji. Asubuhi tulitembea pamoja hadi eneo la viwanda, kwenye godauni la sukari na unga. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu magunia yakipakiwa kwenye malori. Mimi niliacha shule darasa la saba na yeye aliacha kabla ya hapo. Baba yake na kaka zake walikuwa wachongaji wa vinyago. Alikuwa akisema kwamba yeye alipewa patasi, akachonga twiga akatoka mbuzi, ndipo wakamtuma Nairobi.

Alinizidi miaka kumi na miwili. Nilimwita mzee, naye akaniita jirani, hata tulipokuwa tumekosana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Nilifikiri najua, kwa kuwa nilikuwa na kalamu na karatasi. Siku ya kwanza alinipa kiganja cha maharagwe mekundu yenye madoa, yaliyotumwa kutoka kwao. Akaniambia niyatie mfuko wa koti, upande wa kushoto. Kila yalipopita magunia kumi niandike kwa mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto nihamishe haragwe moja kutoka mfuko wa koti hadi mfuko wa suruali. Nisitazame mkono, nitazame magunia. Mwisho wa lori karatasi na maharagwe yalinganishwe.

"Na yasipolingana?" nikamuuliza.

"Unashusha lori."

Nilidhani ni mzaha. Mwaka wa pili lori la sukari lilikuwa limeshafungwa turubai, dereva ameshawasha injini, ndipo mwenzangu akasema haragwe lake moja halikubaliani na karatasi. Wapakiaji walimtukana kwa lugha zao zote. Mmoja, mtu wa kwetu magharibi, akanigeukia mimi: "Mwambie huyu Mkamba wako maharagwe ni ya kupika." Lori likashushwa, gunia kwa gunia. Magunia yalikuwa sawa na karatasi. Haragwe ndilo lililokosea. Lilikuwa limepenya tundu la mfuko wake likaingia kwenye bitana. Mwenzangu akavua koti, akawaambia wapakiaji samahani, akabeba magunia pamoja nao mpaka lori likajaa tena. Kesho yake alikuja na mfuko umeshonwa. Hakuacha maharagwe, wala mimi sikuyaacha.

Kampuni yetu ilikuwa na siku ya michezo kila mwaka, na mbio ndefu zinahitaji watu wa kuhesabu raundi. Wakatutumia sisi. Kutoka hapo tukaitwa kwenye mashindano ya makampuni mengine, halafu ya mkoa. Kwa hiyo mwaka 1987, michezo ya bara letu ilipoletwa Nairobi, sisi wawili tulikuwa kwenye orodha ya wahesabu raundi. Tulipewa kofia nyeupe na beji. Mke wangu alinipigia koti pasi mara mbili. Watoto wa Ziwani walitusindikiza hadi barabarani wakiuliza kama tutakimbia, na mwenzangu akawajibu kwamba yeye anakimbia, mimi nitabeba maji.

Mbio za mita elfu kumi ni raundi ishirini na tano. Wahesabu hukaa kwenye benchi karibu na mstari wa kumalizia, na kila mmoja hupewa wakimbiaji wake. Kila mkimbiaji wako anapopita, unaandika muda unaouona kwenye saa kubwa. Aliye nyuma hupitwa na wenzake raundi nne, tano, na yeye mwenyewe hawezi kujua amebakiza ngapi. Anakutegemea wewe. Unapoona amebakiza moja unamwambia msimamizi, naye anampigia kengele.

Mimi nilipewa kijana mmoja tu, wa nchi ndogo sana, ambayo sitaitaja. Timu yao nzima ingetosha kwenye meza moja ya hoteli. Katika gwaride la ufunguzi walipita upesi hata watu hawakuwahi kusoma kibao chao. Kijana alikuwa na miaka kumi na minane hivi, mwembamba, kaptura yake imekunjwa kiunoni kwa sababu ilikuwa kubwa. Kocha wao alikuja kwetu kabla ya mbio akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono. Kwa Kiingereza cha polepole alituambia kwamba hakuna mtu wa nchi yao aliyewahi kukimbia umbali ule kwenye michezo mikubwa kama hii. Muda wowote atakaoupata kijana utaandikwa nyumbani kuwa wa kwanza. "Amalize tu," akasema. Halafu akaenda kukaa jukwaani, kwani makocha hawaruhusiwi kuwa karibu.

Nilihesabu maharagwe ishirini na tano, nikayatia mfuko wa koti.

Kijana alibaki nyuma tangu raundi ya tatu, lakini hakuvunja mwendo. Nilimwandika, nikahamisha haragwe, nikamwandika, nikahamisha. Alipomaliza raundi ya ishirini, hatua chache nyuma yake walikuwa wanakuja Wakenya wawili kumaliza mbio, mmoja akimfukuza mwingine. Nikamwandika kijana wangu, nikahamisha haragwe. Kisha uwanja ukainuka, nami nikainuka nao.

Mhesabu haruhusiwi kuinuka. Nilijua. Nilipiga kelele kama mtu aliyelipa kiingilio, kofia yangu ikaanguka. Nilipoketi nikaiokota kwa mkono wa kushoto, na kwa jicho nikaona mgongo wa kijana ukiingia kona. Nikaingiwa na hofu kwamba sikuwa nimemwandika. Nikaandika muda nilioukuta kwenye saa, bila kusoma mstari wa juu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kofia, haukwenda mfukoni.

Kwa hiyo alipomaliza raundi ishirini na tatu, karatasi yangu ilisema ishirini na nne. Nikamwambia msimamizi, kengele ikapigwa. Kijana aliisikia, akakaza mbio hata kaptura ikafunguka kunjo lake. Akavuka mstari, akaingia kwenye nyasi za ndani, akajilaza chali. Jukwaani kocha alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono kichwani, akitazama saa ya uwanja. Mtu wa nchi yake alikuwa amemaliza, tena kwa muda ambao hata yeye hakuutarajia.

Nikatia mkono mfukoni kama kawaida yangu, kulinganisha. Mfuko wa koti ulikuwa na haragwe moja.

Sitadanganya kwamba niliinuka papo hapo. Nililishika lile haragwe kwa vidole, nikaanza kufikiri. Kijana ni wa mwisho, hapokonyi mtu nafasi. Kocha anafurahi. Msimamizi ameshaita watu wa viunzi vya kuruka, nao wanavileta uwanjani kwa mbio nyingine. Nikafikiri pia juu ya beji yangu.

Mwenzangu aliniona. Wakimbiaji wake walikuwa wameshamaliza na alikuwa anakunja karatasi.

"Jirani, una nini?"

"Imebaki moja."

"Wapi?"

"Mfuko wa koti."

Hakuniuliza nilifanya nini. Aliupapasa mfuko wangu kwa nje, akalihisi haragwe, akatazama nyasi pale kijana alipolala.

"Basi ni lori," akasema.

Tukaenda kwa msimamizi. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye filimbi shingoni. Nikamweleza kwamba kijana amekimbia raundi ishirini na nne na kosa ni langu. Akaniuliza najuaje. Nikamwonyesha haragwe.

"Bwana," akasema, "unataka nisimamishe michezo ya Afrika kwa sababu ya haragwe?"

"Ndiyo," nikasema.

"Hata si bichi, ni kavu," mwenzangu akaongeza. Kisha akanyoosha karatasi yangu juu ya meza, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Akasimama kwenye raundi ya ishirini na moja. Kati yake na ya ishirini kulikuwa na sekunde kumi na nne.

"Hapa kijana amezunguka uwanja mzima kwa sekunde kumi na nne," akasema. "Kama ni kweli, mzee, mumpe dhahabu, na hao Wakenya warudishe zao."

Msimamizi akaitazama karatasi. Akatazama viunzi. Akashusha pumzi.

"Hajatoka uwanjani?"

"Yuko pale."

"Kuna mtu amemgusa? Amepewa maji?"

"Hakuna."

"Basi anaweza kuendelea. Mtu yeyote asimshike. Akishikwa, hata na nyinyi, nitaandika hakumaliza. Na wewe," akaninyooshea filimbi, "wewe ndiye utakayemwambia."

Nilienda. Kijana alikuwa ameketi, amevua kiatu cha kulia. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kisiginoni na soksi ilikuwa na damu. Aliniona, akatabasamu, akanyoosha mkono nimwinue. Nikaweka mikono yangu nyuma. Sijawahi kumkatalia mtu mkono kabla ya siku ile.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu: moja bado, kosa langu, samahani. Nikachora duara hewani kwa kichwa, kwa maana mikono niliogopa kuitoa. Tabasamu likamwisha. Akatazama uwanja wote, kuanzia kona ya kwanza mpaka kona ya mwisho, halafu akanitazama mimi. Akasema neno kwa lugha yao. Sikulielewa na sikuhitaji kulielewa.

Kisha akakivuta kiatu.

Alifunga kamba, ikafunguka. Akaifunga tena. Mwenzangu alikuwa amefika, akasimama upande wangu wa kushoto, naye mikono nyuma. Tulisimama hivyo, wanaume wawili wenye kofia nyeupe, tukimtazama mtoto akihangaika na kamba ambayo yeyote kati yetu angeifunga kwa dakika moja.

"Polepole," mwenzangu akamwambia kwa Kiswahili. "Polepole, baba. Hatuna haraka."

Mara ya tatu kamba ikakaa. Akajiinua kwa kushika nyasi. Akarudi kwenye mstari, pale pale alipoishia, akaanza.

Watu wa viunzi waliondoa vile vilivyokuwa njia ya ndani wakinung'unika. Nisingependa kusema kwamba uwanja mzima ulimpigia makofi. Haukupiga. Watu walikuwa wanawatazama Wakenya wetu wakizunguka na bendera. Lakini alipofika upande wa viti vya bei rahisi, vijana wa mitaa yetu walimwona.

"Maze, huyu amesahau nini huko nyuma?"

"Amerudishwa darasa."

"Wee, kimbia, lango linafungwa!"

Walicheka, kisha wakaanza kumpigia mluzi wa kufuatana na hatua zake, naye akaufuata. Alichechemea kona ya tatu, akanyooka kona ya nne. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye benchi. Sikuinuka. Alipovuka mstari niliandika muda, nikahamisha haragwe la mwisho. Mfuko wa koti ukawa mtupu. Muda wake ulikuwa mbaya sana, na ulikuwa wa kweli.

Nilikata ule mstari wa uongo kwa kalamu, nikaandika chini kwamba kosa ni langu, nikatia sahihi. Msimamizi akaipokea, akaniambia kesho nisije. Mwenzangu yeye aliendelea kwenda mpaka michezo ilipoisha. Hakukataa kwa ajili yangu, na nisingetaka akatae. Kila jioni alikuja barazani kwangu akanihadithia mbio raundi kwa raundi, mpaka chai ikapoa.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Alasiri ile kijana alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yetu. Aliomba karatasi kwa kuinyooshea kidole. Mwenzangu akaigeuza imwelekee, naye akahesabu mistari kwa ncha ya kidole, midomo ikitembea, akaruka ule uliokatwa, akafika ishirini na tano. Akatingisha kichwa kukubali. Halafu akainua mguu wa kulia na kuyumba, akaniwekea mkono begani ili asianguke.

Sasa ilikuwa halali. Nikamshika kiwiko. Mwenzangu akavua kofia yake nyeupe, akaiweka mezani, akapiga goti kwenye lami ile nyekundu ya uwanja na kumfungua kamba za kiatu.